Kivu, mashariki mwa Kongo, imewaka tena: dunia iwe na jeshi lake la kudumu la kulinda amani? Wa kandokando ya ziwa tujadili

Mwana wa Mwaloni (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, nyuzi za Simba na Yanga ziko huko juu zinamsubiri.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikaa Kirumba, Mwanza, mzee wangu akinunua sangara pale mwaloni na kupeleka Shinyanga na Kahama. Ilipofika mwezi wa tano biashara ikafa. Samaki walikuwepo tele, walaji ndio waliokimbia. Mto Kagera ulikuwa ukishuka na maiti kutoka Rwanda na kuzimwaga ziwani. Nyingi ziliibukia upande wa Uganda, kule Rakai, lakini nani angekaa kumpimia sangara mipaka ya nchi? Namkumbuka mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi. Siku hiyo, kabla ya kutoa hela, alitaka samaki apasuliwe tumbo mbele yake. Baba akapasua. Hamna kitu. Mama akajifunga khanga yake vizuri, akaaga, akaenda zake mikono mitupu.

Nilimuuliza baba, kwani hakukuwa na askari wa kuwazuia wale wauaji? Akasema walikuwepo. Nikadhani kachoka tu, hataki maswali. Kumbe alisema kweli.

Kikosi cha Umoja wa Mataifa (UM), kile cha UNAMIR, kilikuwa Rwanda tangu mwishoni mwa 1993, askari kama 2,500 chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Tarehe 7 Aprili 1994 askari kumi wa Kibelgiji wakauawa, Ubelgiji ikafunga virago. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapitisha azimio 912 kwamba kikosi kipunguzwe kibaki na watu 270 hivi. Kipunguzwe! Nyumba inaungua, wewe unapunguza ndoo.

Tarehe 17 Mei wakageuka, wakaidhinisha 5,500. Sasa hapa ndipo penye uzi wangu. Wakati ule serikali 19 zilikuwa zimeshaiahidi UM kuwa zina askari wa akiba kwa kazi za namna hiyo. Boutros-Ghali, Katibu Mkuu wa wakati huo, aliandika mwenyewe mwanzoni mwa 1995 kuwa katika hizo 19 haikupatikana hata moja iliyokubali kutoa askari. Sifuri, wakuu.

Ninyi wa Usukumani mmeshajua ninakoelekea. Mwanzoni mwa miaka ya 80, Vita vya Kagera vimekwisha, bunduki zimezagaa, wizi wa ng'ombe umezidi, wazee wa Kahama na Shinyanga wakaanzisha sungusungu, wenyewe wakijiita basalama, watu wa amani. Ukipigwa mwano, ule ukelele wa hatari, unatoka. Huulizi ng'ombe ni wa nani wala mwizi ni wa ukoo gani. Ukibaki kitandani, kesho unalipa faini na aibu juu. Kijiji kinachosubiri mwano upigwe ndipo kianze kuulizana nani ana upinde, mishale ikopwe wapi, na ugali wa njiani atalipa nani, ng'ombe wake wameshavuka mto. UM ndiyo kijiji hicho. Kila moto ukiwaka, Katibu Mkuu anaanza kuzunguka na bakuli: nani ana batalioni, nani ana helikopta, nani ana ndege ya kuwabeba.

Wazo la kikosi cha kudumu si langu. Trygve Lie, Katibu Mkuu wa kwanza, alilitoa mwaka 1948, akaomba kikosi kidogo tu cha walinzi. Mwaka 1993 Brian Urquhart, Mwingereza aliyeitumikia UM tangu ilipoanza, akalifufua: watu wa kujitolea kutoka nchi zote, walioajiriwa na UM yenyewe, si wa kuazimwa. Mimi nasema tuanze na elfu kumi. Waingie siku za mwanzo, washike uwanja wa ndege, hospitali na barabara, halafu wakija wale wa kuazimwa wao waondoke. Ripoti ya Brahimi, ya UM yenyewe kuhusu ulinzi wa amani, ya mwaka 2000 iliweka lengo la kikosi kufika ndani ya siku 30, na 90 kama kazi ni ngumu. Siku 90 ndani ya Rwanda ya 1994 ni karibu mauaji yote.

Naomba kuwasilisha. Matusi hapana.

Ngosha Mbishi

Mkuu, mbwa umemleta, kamba umempa nani?

Hiyo 1994 hata kama hao elfu kumi wangekuwa wamekaa kambini wamefunga buti, amri ingetoka kwa nani? Kwa Baraza lile lile lililopiga kura ya kupunguza. Wakubwa watano wenye kura ya turufu, mmoja akikunja uso, jeshi lako linabaki kucheza bao. Na siku wakubwa hao wakikubaliana, ujue kuna mnyonge mahali anaenda kupigwa.

Halafu hela? UM inadaiwa na kudai kila kona. Oktoba mwaka 2025 wametangaza kupunguza karibu robo ya walinda amani kwa sababu fedha hazijaja. Unataka uajiri wengine wakati waliopo wanarudishwa makwao.

Kayabo Jumla

Mimi siyo msomi kama ninyi kaka zangu, nauza kayabo (samaki wa chumvi) na dagaa, wateja wangu wengi ni wa Kongo. Mnajua wenyewe, bila Mkongo kayabo ya Kirumba inaoza. Naomba niseme kidogo.

Mwaka 2022 mteja wangu wa Goma alinipigia kwa furaha, jeshi la Afrika Mashariki linakuja, Wakenya, Warundi, Waganda. Nikamtumia mzigo. Desemba 2023 wakaondolewa, serikali ya Kongo ikasema hawapigani. Ile ile Desemba wakaja wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na vijana wetu wakiwemo. Nikatuma mzigo tena. Na muda wote huo wale wa UM wenye kofia za bluu wapo pale pale, miaka na miaka. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23. Machi, SADC nao wakatangaza wanaondoka.

Majeshi matatu, na mzigo wangu wa mwisho sijui nani aliula. Sasa kaka mleta uzi, la nne litafanya nini ambalo haya matatu yameshindwa? Sikuulizi kwa ubaya.

Mwana wa Mwaloni

Dada Kayabo Jumla, pole sana. Swali lako limenigonga, nipe muda nifikiri. Usiku nitarudi.

Kibanda cha Sheria

Niongezee nyama wakati mleta uzi anafikiri.

Watu wengi hawajui kuwa jeshi hili lipo tayari kwenye karatasi. Mkataba wa UM wa 1945, ibara ya 43: nchi wanachama zitaingia mikataba na Baraza la Usalama kuliwekea majeshi, na "haraka iwezekanavyo". Ibara ya 47 ikaunda Kamati ya Wakuu wa Majeshi ya wale watano kuliongoza. Mwaka 1947 wakakaa, wakabishana: Marekani inataka jeshi kubwa, Wasovieti wanataka kila mkubwa atoe sawa na mwenzake na askari warudi makwao kazi ikiisha. Basi, mpaka leo haujasainiwa mkataba hata mmoja. Kamati ile haijavunjwa, inaendelea kuwa na vikao. Karibu miaka themanini ya vikao, ndugu zangu. Hata mabaraza yetu ya kata hayajafikia hapo.

Tunachokiona leo, hizi kofia za bluu, hakimo kwenye Mkataba kwa jina. Ni kiraka. Kilishonwa 1956 kwenye mgogoro wa Suez, Lester Pearson wa Kanada na Dag Hammarskjöld wakakibuni ndani ya siku chache. Na kwa kuwa ni kiraka, kinakaa kwa hisani ya mwenyeji. Mei 1967 Misri ilisema ondokeni, wakaondoka, mwezi uliofuata vita.

Halafu mleta uzi umeruka kitu kilichotokea hapa hapa Mwanza, nashangaa. Mwaka 1996 Mwalimu Nyerere alikuwa akiwasuluhisha Warundi katika mji huu, kikao cha Aprili na cha Juni. Boutros-Ghali naye, baada ya kuumwa na nyoka Rwanda, alikuwa ameshaanza kuliomba Baraza liandae mapema kikosi cha akiba kwa ajili ya Burundi. Aliomba mapema, kabla ya moto! Wakubwa hawakutaka kusikia. Mwezi Juni viongozi wa ukanda wakakutana Arusha, serikali ya Burundi yenyewe ikaomba msaada wa usalama, majeshi ya jirani yakaanza kutajwa. Tarehe 25 Julai Meja Pierre Buyoya akapindua nchi, mazungumzo ya kikosi yakafa. Askari wa kwanza wa Umoja wa Afrika waliingia Burundi mwaka 2003. Hesabuni wenyewe miaka hiyo katikati.

Ngosha Mbishi

Sheria unaandika vizuri ila umenisaidia mimi, siyo yeye. Burundi moto ulionekana mapema na bado hawakutaka. Kinachokosekana siyo jeshi, ni nia. Jeshi la kudumu bila nia ni gari la zimamoto limepaki limekosa dereva.

Kibanda cha Sheria

Ngosha, nia ni rahisi kuikataa pale unapoulizwa utoe mwanao. Ukiulizwa unyooshe mkono tu, na mwana wa mtu aliyejitolea mwenyewe ndiye aende, bei ya nia inashuka. Ndiyo hoja nzima ya Urquhart.

Mzee wa Buhongwa

Marahaba wanangu.

Mimi nilikuwa jeshini mwaka 1978 Amin alipoivamia Kagera. Tulisubiri OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa wakati ule, imkemee. Haikumkemea. Ilileta maneno ya upatanishi, kana kwamba aliyeingiliwa na aliyeingia wote wana makosa. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ikaja kupiga Mwanza, ikilenga matangi ya mafuta. Ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Watu hucheka wakisikia hivyo, swala ndio walioifia nchi. Aliyekuwa mjini siku ile hakucheka. Tukaenda wenyewe hadi Kampala, 11 Aprili, na deni la vita tukalibeba wenyewe, kila mwenye umri wangu anajua foleni za sukari na sabuni zilizofuata. Kwa hiyo mtu akiniambia dunia iwe na jeshi la kumzuia mvamizi, moyo wangu unakubali kabla hajamaliza.

Na niwakumbushe vijana, sisi wenyewe tumewahi kulindwa. Januari 1964 askari walipoasi kambi ya Colito, Dar es Salaam, Mwalimu aliwaita Waingereza wakaja wakazima. Alijisikia vibaya sana, nchi ina miaka miwili tangu uhuru na inamwita mkoloni. Akaiita OAU, na Nigeria ikaleta askari kushika nafasi ya Waingereza wakati jeshi jipya linaundwa. Walikaa miezi, wakaondoka kwa amani.

Lakini sasa nisikilizeni na hili. Tarehe 7 Desemba 2017, Semuliki, Kivu Kaskazini, waasi wa ADF walivamia kambi ya vijana wetu wa JWTZ. Kumi na watano walikufa, Katibu Mkuu Guterres akasema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Walipigana saa nyingi. Uchunguzi wa UM uliofuata ulikuta kwamba ujumbe wao haukuwa na mpango wa kueleweka wa kuwafikishia msaada wala kuwatoa. Hao hawakuchelewa kufika, mwanangu. Walikuwa wameshafika. Waliochelewa ni wa kuwafikia wao.

Kwa hiyo usinihesabie askari elfu kumi. Niambie helikopta ngapi zinaruka usiku, nani rubani, na amri inamfikia kwa dakika ngapi. Ukiwa kwenye handaki, hayo ndiyo jeshi la kudumu.

Kayabo Jumla

Shikamoo baba. Pole.

Binti wa Ukerewe

Shikamoo mzee. Naheshimu sana uliyoandika.

Ila mimi nirudi kwa mleta uzi na sungusungu wake. Mnausifia mwano kwa sababu ninyi ni wanaume. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni na wa kukaushia samaki, kama bibi yeyote wa huku. Mnajua macho mekundu yalimaanisha nini Usukumani miaka ile. Basalama walikamata wezi, kweli, na pia walitoza watu faini za ng'ombe kwa maneno ya chuki tu, wakapiga watu viboko, na vikongwe wakatajwa uchawi mbele ya mikutano hiyo hiyo. Nani alimshtaki ntemi wa sungusungu? Hakuna, maana yeye ndiye aliyekuwa askari na hakimu.

Sasa mpeleke duniani. Kongo, mwaka 2004, walinda amani waliripotiwa kuwanyanyasa kingono wasichana, wengine watoto, kwa kuwapa chakula. Haiti, 2010, kipindupindu kilitoka kwenye kambi ya walinda amani na kuua maelfu, na ilichukua hadi 2016 UM kukiri kuwa ilihusika. Leo askari akikosea anarudishwa kwao ahukumiwe na nchi yake, na mara nyingi ndiyo imetoka hiyo. Hao elfu kumi wako wasio na nchi, watahukumiwa na nani? Au nao watakuwa basalama?

Mwana wa Mwaloni

Nimerudi. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Binti wa Ukerewe, bibi yako ameushinda mfano wangu, nakubali. Lakini swali lako lina mlango wa pili. Leo UM inashindwa kumhukumu askari kwa sababu ni wa kuazimwa, mwenye mali ni nchi yake. Akiwa mwajiriwa wa UM, UM haina pa kujificha, itabidi iwe na mahakama yake ya kijeshi. Siwezi kuunga mkono jeshi hilo likianza kabla ya mahakama. Nimebadilika hapo, na andiko la kwanza siligusi, nimeliacha lisomeke na kosa lake.

Ngosha, kuhusu hela. Bajeti ya kulinda amani ya UM ya 2024 hadi 2025 ilikuwa kama dola bilioni 5.6. Majeshi ya dunia nzima mwaka 2024 yalitumia kama dola trilioni 2.7. Yaani katika kila shilingi elfu moja ya bunduki, amani inapata shilingi mbili, na hata hizo mbili zinacheleweshwa. Kuhusu kamba ya mbwa sina jibu zuri. Kura ya turufu ipo. Ninachosema ni kwamba kuna siku Baraza linakubali na bado hakuna anayekwenda, kama 17 Mei 1994. Kikosi changu ni cha siku hizo. Zile nyingine zinataka dawa nyingine.

Dada Kayabo Jumla, wewe ndiye uliyeninyima usingizi. Nimejaribu kutafuta mahali kikosi kilichofika haraka kilifanya kitu. Bunia, huko huko Kongo, Juni 2003, Ulaya wakiongozwa na Ufaransa walituma watu chini ya elfu mbili, mji ukashikika, Septemba wakaikabidhi UM. Anjouan kule Komoro, Machi 2008, vijana wetu na Wasudani wakiwa na jeshi la Komoro walikikomboa kisiwa kwa siku moja hivi. Na Goma yenyewe, 2013: Baraza liliunda brigedi ya kupigana, ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, askari 3,069, kamanda wa kwanza Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Novemba M23 walikuwa wameshasalimu amri. Ila angalia: Goma ilianguka mara ya kwanza Novemba 2012, azimio likatoka Machi 2013, vita vyenyewe Agosti. Miezi tisa, mtu anabeba mimba na kujifungua.

Tofauti ninayoiona: wote hao waliofaulu walipewa kazi moja, mahali pamoja, na kamanda mmoja. Uliyoyataja wewe, yale majeshi matatu, kila moja lilikuwa na bosi wake na kila bosi ana ugomvi wake na jirani. Hata kile Kikosi cha Akiba cha Afrika kilichoanzishwa baada ya 2002, tazama kilivyogawanywa. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wako kikosi cha Mashariki, sisi tuko cha SADC. Ziwa moja, mwano mmoja, sungusungu wawili wasiosalimiana. Kwa hiyo la nne likija kama yale matatu, dada, usitume mzigo.

Kayabo Jumla

Ahsante kaka, angalau hujanidanganya. Mzigo nitatuma, watoto wanasoma.

Nikuulize, wale sangara wa baba yako wa 1994 waliishia wapi?

Mwana wa Mwaloni

Aliwatia chumvi wote. Akawauza kayabo miezi ile ile, kwa bei ya kutupa. Walionunua walikuwa Wakongo.

Ngosha Mbishi

Mimi bado napinga, ila nimesoma mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mzee wa Buhongwa

Mwana wa Mwaloni, umeandika vizuri. Swali moja la mwisho, nalo usilikimbie. Hao wa kujitolea elfu kumi, una kijana mwenye umri huo nyumbani?

Mwana wa Mwaloni

Mzee wangu, umenipata pabaya. Ninaye, ana miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha sita. Nimemuuliza sasa hivi tukila. Kauliza mshahara ni dola au shilingi. Mama yake kakataa kabla mimi sijamalizia swali, na ugali wangu ameuondoa mezani.